Kiduha Kipi Hiki? Mwongozo Kamili wa Kutofautisha Aina za Kiduha Shambani

Kila msimu maswali kuhusu kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, huja yakifanana: picha moja ya ua zuri la waridi, imepigwa kutoka juu, jani halionekani, shina halionekani, na chini yake maneno, "Mtaalamu, hiki ni kiduha gani, na nipande nini mwakani?" Kwa picha ya namna hiyo hakuna anayeweza kukujibu kwa uhakika. Wengi pia wamejaribu wenyewe kwa kufuata rangi: cha waridi kimoja, chekundu kingine. Wameishia kupanda zao lisilofaa.

Jina la aina si mapambo. Kunde ni dawa nzuri kwenye shamba la mahindi lenye kiduha kikubwa cha waridi: mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, mbegu zinaota, zinakosa pa kunyonya, zinakufa. Lakini kama kilichomo shambani ni ndugu yake anayenyonya kunde, umemwandalia karamu. Ndiyo maana inafaa kutumia nusu saa na kuinama.

Wale wa Nyanza wanaokiita kayongo, tunazungumzia mmea huohuo.

## Vifaa

- Kioo cha kukuzia kinachokuza mara 10. Bila hiki, hatua ya nne itakushinda.
- Simu yenye kamera nzuri ya karibu.
- Rula ya shule yenye milimita.
- Wembe mpya na pini.
- Karatasi nyeupe na kalamu ya wino mweusi.
- Koleo au jembe dogo. Usitumie panga, litakata mizizi unayoitaka.
- Ndoo ya maji.
- Gazeti kuukuu na mifuko miwili ya plastiki isiyo na tundu.
- Penseli na daftari. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutiririka ukilowa.

## Hatua ya 1: Chagua mmea sahihi

Nenda asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Maua yamefunguka vizuri na hayajaanza kunyauka.

Tafuta mmea wenye vitu vitatu kwa pamoja: maua yaliyofunguka sehemu ya juu, vichupa vya mbegu ambavyo bado ni vya kijani chini yake, na majani mazima. Kiduha huchomoza ardhini wiki 4 hadi 7 hivi baada ya zao kupandwa, na huhitaji wiki kadhaa zaidi kabla ya kutoa maua. Ukienda mapema mno utakuta vijiti vya kijani visivyosema kitu.

Usichukue mmea mmoja. Chukua angalau mitatu, kila mmoja kutoka kona yake ya shamba. Mashamba yenye aina mbili zilizochanganyika yapo, na mmea mmoja hauwezi kukuambia hilo.

Tahadhari: Mmea ambao vichupa vyake vimegeuka kahawia usiuguse kwa kuutikisa. Mmea mmoja hubeba mbegu makumi ya elfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zikiwa hai kwa zaidi ya miaka 10. Ukilazimika kuuchukua, uvishe mfuko kwanza kisha ukate shina ukiwa umefunga mdomo wa mfuko kwa mkono.

## Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kugusa chochote

Kiduha kikikauka huwa cheusi, shina, majani na maua pamoja. Rangi unayoiona asubuhi jioni haipo tena. Kwa hiyo picha ndizo kumbukumbu yako pekee ya rangi, na zinapigwa kwanza.

Piga nne: mmea mzima ukiwa na zao lililo jirani, jani moja likiwa juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula, ua kutoka mbele, na ua kutoka ubavuni. Hii ya mwisho ndiyo karibu kila mtu huisahau, na ndiyo yenye thamani kuliko zote tatu za kwanza zikichanganywa. Ua la kiduha lina mrija mwembamba uliopinda, na kupinda huko hakuonekani kutoka mbele.

Picha ya ubavuni imefaulu ikiwa unaweza kuonyesha kwa kidole, kwenye kioo cha simu, mahali mrija unapotokeza kutoka kwenye kikombe cha kijani na mahali unapokunjwa.

## Hatua ya 3: Soma majani

Shika jani la katikati ya shina, usichukue la chini kabisa wala lile dogo linaloshikilia ua. Jiulize mambo mawili: lina umbo gani, na ukingo wake ukoje?

*Jani halipo, au limebaki kigamba kidogo kilicholala juu ya shina.* Shina lenyewe ni nene, laini, limetawanyika matawi kuanzia chini. Hapo una Striga gesnerioides (Striga ndilo jina la kitaalamu la kiduha, na neno la pili hutaja aina), na kazi imekaribia kuisha.

*Jani lina meno makubwa machache pembeni, wakati mwingine limekatika kama vidole vifupi.* Elekea kwa Striga forbesii.

*Jani ni refu jembamba, ukingo umenyooka bila meno.* Hapa ndipo wengi wamo, kwa sababu Striga hermonthica na Striga asiatica wote wako hivyo. La hermonthica huwa kubwa zaidi, mara nyingi sentimita 3 hadi 8, likikwaruza ukilipitisha kwenye ngozi ya mkono. La asiatica ni fupi na jembamba zaidi. Lakini ukubwa ni kidokezo tu. Hermonthica aliyekosa mvua anaweza kuwa mdogo kama asiatica aliyeshiba.

## Hatua ya 4: Hesabu mbavu za kikombe

Ukifanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanya hii.

Chini ya kila ua kuna kikombe cha kijani chenye meno matano juu yake, ambacho kwa kawaida hakizidi sentimita moja. Ukuta wa kikombe una mistari iliyotuna, inayopanda kutoka chini kwenda juu. Hiyo ndiyo mbavu. Idadi yake haibadiliki kwa mvua, kwa mbolea wala kwa umri, na ndiyo inayotenganisha kiduha chekundu na ndugu zake wa waridi.

Fanya hivi:

1. Ng'oa ua moja pamoja na kikombe chake. Chagua lililo katikati ya shuke. La juu kabisa halijakomaa, la chini limeshavimba kwa mbegu na mbavu zimevutwa.
2. Toa petali kwa kuvuta polepole. Kikombe kitabaki kitupu.
3. Pasua kikombe kwa wembe kutoka juu hadi chini, upande mmoja tu, ukipita kati ya mbavu mbili, usipite juu ya ubavu.
4. Kifungue kama karatasi, kilaze kwenye karatasi nyeupe, upande wa nje ukikutazama. Kibane ncha mbili kwa pini na ukucha.
5. Weka kioo karibu kabisa na jicho, kisha sogeza karatasi juu hadi uone vizuri. Wanaoshika kioo mbali na jicho huona ukungu na kulalamika kuwa kioo kibovu.
6. Hesabu ukianzia ukingo mmoja hadi mwingine, ukiweka nukta ya wino chini ya kila ubavu.

Sasa angalia juu ubavu unakoishia. Kwenye kikombe chenye mbavu tano, kila ubavu unapanda hadi kwenye ncha ya jino. Kati ya jino na jino hakuna kitu, ni utando mwembamba uliopauka. Kwenye kikombe chenye mbavu kumi, tano zinaingia kwenye meno na tano nyingine zinapanda hadi kwenye mabonde kati ya meno. Ukiona ubavu unaoishia bondeni, huna haja hata ya kumaliza kuhesabu.

- Mbavu 5: hermonthica, forbesii, gesnerioides, au Striga aspera (tutamwona hatua ya 5).
- Mbavu 10 au zaidi: asiatica, kwa mashamba yetu ya nafaka.

Kosa linalojirudia: kuhesabu nywele. Mbavu za kiduha zina vinywele vigumu vifupi, na mwanga wa ubavuni hufanya safu ya nywele ionekane kama ubavu wa ziada. Ukipata namba ya ajabu kama saba au nane, lowesha kikombe kwa tone la maji. Nywele hulala, mbavu hubaki. Kisha rudia kwa ua lingine.

Umemaliza hatua hii pale maua matatu kutoka mimea mitatu yanapotoa jibu moja. Yakitofautiana baada ya kurudia, una aina mbili shambani, na hilo nalo ni jibu.

## Hatua ya 5: Angalia mrija unapindia wapi

Hatua hii ni kwa waliopata mbavu tano na majani yasiyo na meno. Wengine ruka.

Rudi kwenye picha ya ubavuni, au shika ua jipya. Mrija wa hermonthica hupinda mara tu baada ya kupita ncha za meno ya kikombe. Wa Striga aspera hutokeza kwanza kwa urefu unaoonekana wazi, kisha ndipo unapinda, na ukiutazama kwa kioo una vinywele vyenye tezi ndogo kichwani. Maua ya aspera pia ni madogo zaidi. Aspera hupenda zaidi nyasi za pori, ingawa huweza kuingia kwenye mpunga na mahindi.

Shambani kwenye mahindi au mtama, uwezekano mkubwa ni hermonthica. Lakini angalia hata hivyo.

## Hatua ya 6: Rangi, sasa ndiyo zamu yake

Nimeiweka mwisho wa vipimo vya ua makusudi. Rangi inakubaliana na majibu mara nyingi, na inapodanganya hudanganya vibaya.

Hermonthica ni waridi hadi zambarau nyepesi, na mara chache mweupe. Asiatica huku kwetu kwa kawaida ni mwekundu mkali, mara nyingi koo lake likiwa na njano, lakini wapo wa njano na weupe. Forbesii ana waridi iliyoelekea machungwa. Gesnerioides huanzia samawati iliyopauka hadi zambarau iliyoiva.

Ona tatizo: ua jeupe linaweza kuwa la hermonthica au la asiatica. Mbavu ndizo zitakazokata shauri.

Kitu kingine cha kutazama ukiwa hapo ni wingi wa maua yaliyofunguka kwa wakati mmoja. Hermonthica hufungua mengi pamoja, ndiyo maana shamba lake hugeuka waridi likionekana kutoka barabarani. Anahitaji wadudu wabebe chavua kutoka mmea hadi mmea. Asiatica hujichavusha mwenyewe, hana haja ya kujitangaza, na hufungua machache tu.

## Hatua ya 7: Chimba umfuate anayenyonywa

Kuota karibu na mahindi si ushahidi kwamba kinanyonya mahindi. Kwenye shamba mseto la mahindi na kunde mizizi imesukana, na macho yatakuhadaa.

Chora duara lenye upana wa koleo kuzunguka kiduha na zao lililo karibu. Chimba kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, inua bonge zima, na ulitumbukize kwenye ndoo. Liache lilowe. Usivute. Udongo utaachia wenyewe, kisha uusukume kwa vidole chini ya maji hadi mizizi ibaki mitupu.

Sehemu ya kiduha iliyo chini ya ardhi ni nyeupe, ya mviringo, yenye vigamba. Ifuate hadi mahali inapogusa mzizi wa mwingine. Utaona kifundo kidogo kilichogandamana na mzizi ule. Hapo ndipo maji na chakula vinapopita. Fuata mzizi huo kurudi juu hadi kwenye shina lake. Huyo ndiye mwenyeji.

Kwa hermonthica na asiatica kifundo ni kidogo. Kwa gesnerioides ni kikubwa, kama kiazi kidogo kilichoota juu ya mzizi. Na ukikuta sehemu ya chini ya ardhi ina rangi ya machungwa badala ya nyeupe, acha kila kitu usome sehemu inayofuata kwa makini.

Ikiwa mzizi umekatika kabla ya kufika kwenye kifundo, usikisie. Chimba mwingine.

## Sasa soma jibu lako

Striga hermonthica. Mrefu, anaweza kufika kiunoni. Mbavu tano, majani marefu yanayokwaruza, mrija unaopinda karibu na meno. Yuko kwenye mahindi, mtama, uwele, ulezi na miwa. Ngome yake ni Kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda. Hapa kunde na jamii nyingine ya mikunde hufaa kwa mzunguko wa mazao, na teknolojia ya kupanda desmodi (mmea wa malisho wa jamii ya mikunde) kati ya mahindi, iliyoendelezwa na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, husaidia shida hiihii. Kwa sababu huchanganya chavua kati ya mmea na mmea, mimea yake ina sura nyingi. Mbegu ya zao iliyomstahimili wilaya moja inaweza kuzidiwa wilaya nyingine.

Striga asiatica. Mfupi, mara nyingi hafiki magotini. Mbavu kumi au zaidi. Nafaka zilezile, na kwenye mpunga wa nchi kavu ndiye msumbufu hasa, kama wakulima wa Kyela wanavyojua. Pwani, katikati na kusini mwa Tanzania ndiko anakotawala. Usimdharau kwa udogo wake: aligunduliwa Marekani, katika majimbo ya Carolina, mwaka 1956, na kampeni ya kumng'oa imeendelea huko kwa miongo mingi.

Striga forbesii. Meno ya jani yanamaliza mjadala. Hupenda udongo wenye unyevu. Hutokea kwa madoa hapa na pale kwenye mtama, mahindi na mpunga.

Striga gesnerioides. Vigamba badala ya majani. Afrika Magharibi ni balaa la kunde. Huku kwetu mara nyingi yuko kwenye mimea ya porini. Hagusi nafaka. Ukimwona amesimama kwenye mahindi, chimba tena: kuna magugu ya jamii nyingine karibu anayoyanyonya.

## Wanaofanana nao, na mmoja wa hatari

Huyo wa chini ya ardhi mwenye rangi ya machungwa ni Alectra vogelii. Ni jamaa wa karibu wa kiduha, familia moja, na wakulima wengi humwita kiduha vilevile. Maua yake ni ya njano iliyopauka, yamekaa kwenye kwapa za majani yenye nywele na meno. Ua lake liko wazi kama kikombe na halina mrija mwembamba uliopinda. Ananyonya kunde, karanga, njugu mawe na soya. Ukimpata, ushauri wa "panda kunde baada ya mahindi" unageuka sumu, na hata kuhamia karanga hakusaidii. Rudi kwenye nafaka, au tafuta aina ya kunde iliyothibitishwa kumstahimili.

Kwenye mpunga wa bondeni wenye maji kuna Rhamphicarpa fistulosa: majani yamekatika vipande vyembamba kama sindano, ua jeupe lenye mrija mrefu, nalo hufunguka usiku. Ukienda mchana utakuta limefumba na kusema shamba halina kitu.

Na kwenye mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi utakuta maua makubwa meupe au ya waridi, mepesi kama karatasi, yamejitandaza kwenye nyasi. Huyo ni Cycnium tubulosum. Naye ni jamaa wa familia hiyo, lakini ua lake lina upana wa sentimita kadhaa na halimsumbui mkulima wa mahindi. Mpige picha umwache.

## Hatua ya 8: Hifadhi sampuli, kisha jisafishe

Bana mmea mmoja kati ya kurasa za gazeti, jani moja likionyesha juu na jingine likionyesha chini. Weka kitu kizito juu yake, badilisha gazeti kila siku hadi ukauke. Utakuwa mweusi, usishtuke. Mbavu zitahesabika bado, ukiloweka ua moja kwenye maji ya moto kwa dakika chache.

Andika kwa penseli: tarehe, kijiji na wilaya, zao lililokuwepo, mwenyeji uliyemfuata kwenye ndoo, rangi ya ua likiwa bichi, na hesabu ya mbavu kwa kila mmea. Funga kwenye mfuko wa plastiki na ufunge tena kwenye mfuko wa pili. Ndicho unachompelekea afisa ugani au kituo cha utafiti wa kilimo, pamoja na zile picha nne. Ukiwapelekea hivyo, watakujibu bila kukuuliza swali la nyongeza.

Maji ya ndoo yamwage palepale ulipochimba, usiyamwage mferejini wala kwenye bustani ya nyumbani. Mimea iliyobaki ichome. Kung'uta udongo kwenye viatu, pindo za suruali na koleo kabla hujavuka mpaka wa shamba, na kama unakwenda kwa jirani siku hiyohiyo, osha kabisa. Kama shamba la jirani lina kiduha na lako halina, anza kukagua la kwako.